Kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja: maswali na majibu

Nimeambiwa nichague moja: kwanza nikonde, misuli baadaye. Ni kweli haviwezekani vyote pamoja?

Vinawezekana. Kwa wengi wanaoanza mazoezi ndivyo inavyotokea, hata kama hawakukusudia. Ushauri wa kuchagua kimoja umezoeleka kwa watunisha misuli wa mashindano: wanakula sana miezi kadhaa waongezeke, kisha wanajinyima ili mafuta yaishe na misuli ionekane. Kwao una mantiki, maana wameshakaribia ukomo wa miili yao. Wewe mwenye kitambi na mikono ambayo haijawahi kushika chuma, ratiba yao ya nini?

Lakini kujenga kunataka chakula kingi, na kupungua kunataka kula kidogo. Mwili unafanyaje yote mawili?

Kwanza tuweke sawa jambo moja: mafuta hayageuki kuwa misuli, na misuli ikilegea haigeuki kuwa mafuta. Ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na seli zake, na kimoja kinaweza kupungua huku kingine kikiongezeka.

Msuli unahitaji nishati na malighafi. Nishati unayo tayari. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takriban kalori 7,700, kwa hiyo mwenye kilo 20 za mafuta anatembea na zaidi ya kalori 150,000. Ukila pungufu kidogo ya mahitaji yako, mwili unachota humo. Malighafi ndiyo haipatikani kwenye mafuta. Msuli hujengwa kwa protini, protini ina naitrojeni, na mafuta hayana. Hiyo lazima iingie kwa mdomo. Kisha mwili unahitaji sababu ya kujenga, na sababu hiyo ni mzigo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi. Kwa wiki nne walikula kalori pungufu kwa asilimia 40 ya mahitaji yao na kufanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Kundi moja lilipata gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, jingine gramu 2.4. Waliokula protini nyingi walipoteza wastani wa kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Wenzao walipoteza mafuta kilo 3.5, na misuli yao ikabaki karibu pale pale. Usiige ukali ule. Wale walikuwa wakisimamiwa kila siku. Linalotuhusu hapa ni kwamba mambo yale mawili yalitokea pamoja, ndani ya mwezi mmoja.

Kila mtu anaweza?

Si kwa urahisi uleule. Wanaonufaika zaidi ni wanaoanza, wenye mafuta mengi, na waliowahi kufanya mazoezi wakaacha, kwa sababu msuli uliowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Aliyenyanyua vyuma miaka mitano mfululizo, na tumbo lake limeshakatika, atapata kidogo mno. Huyo afuate tu utaratibu wa awamu kama wale wa mashindano: kwanza aongezeke, kisha ajinyime.

Nile protini kiasi gani?

Gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni shabaha nzuri. Mwenye kilo 80 anahitaji kama gramu 128. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina kama 30. Fanya hesabu ya ulichokula jana. Wengi wanagundua hawafiki hata nusu, na kwamba karibu yote waliipata kwenye mlo mmoja wa jioni. Igawanye kwenye milo mitatu au minne. Kama una uzito mkubwa sana, piga hesabu kwa uzito unaoulenga, la sivyo utajikuta na mlima wa nyama usioulika.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake. Na anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari aongee naye kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Na chakula kwa jumla nikipunguze kiasi gani?

Kidogo: kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya mahitaji yako. Najua hapa ndipo watu wananikasirikia, maana wanataka matokeo kabla ya harusi ya mwezi ujao. Ila mwili unaonyimwa sana huanza kula misuli yenyewe. Jaribio la Norway la mwaka 2011 liliwafuatilia wanamichezo, wengine wakipungua asilimia 0.7 ya uzito wao kwa wiki, wengine asilimia 1.4. Waliokwenda polepole waliongeza misuli, waliokimbilia hawakuongeza.

Nakimbia kila asubuhi. Haitoshi?

Kukimbia ni kuzuri kwa moyo, endelea. Lakini hakuuambii mwili ujenge kifua, mgongo na mikono. Unahitaji mazoezi ya ukinzani mara mbili hadi nne kwa wiki: vyuma, mikanda ya mpira, au uzito wa mwili wako mwenyewe.

Chukua pushapu. Za kwanza zinakwenda haraka. Ikifika ya tisa au ya kumi unaona mikono inapanda taratibu ingawa unasukuma kwa nguvu zako zote. Marudio hayo mazito ya mwisho ndiyo unayoyatafuta. Ukimaliza seti, yaani mkupuo mmoja wa marudio, huku ukipiga soga, mzigo ni mdogo. Na ukizoea, ongeza: rudio moja zaidi, kilo moja zaidi, au seti nyingine.

Wiki ya sita sasa na mizani haijasogea. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Tuseme umepoteza kilo 2 za mafuta na kuongeza kilo 1 ya misuli. Mizani itaonyesha umepungua kilo 1 tu. Tena misuli iliyoanza mazoezi huhifadhi zaidi glaikojeni, yaani wanga wa akiba, na kila gramu ya glaikojeni hushika kama gramu 3 za maji. Basi hata ile kilo 1 inafichika.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, baada ya kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Rudia kila baada ya wiki mbili na uandike. Kiuno kikipungua huku mzigo unaobeba ukiongezeka, unapata yote mawili. Zile mizani za umeme zinazotaja asilimia ya mafuta sizitegemei kwa mabadiliko madogo. Kunywa maji mengi tu kunaziyumbisha.

Kuna dawa au unga wa kuharakisha?

Unga wa protini ni chakula tu, unakusaidia ukishindwa kufikisha kiwango. Kreatini, kirutubisho cha unga kinachoipa misuli nishati ya haraka, gramu 3 hadi 5 kwa siku, imethibitika kuongeza nguvu. Vidonge vya kuchoma mafuta viache dukani.

Usingizi ndio wa bure, na wengi wanaupuuza. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha jaribio la watu 10 waliokuwa wakipunguza uzito. Walipokaa kitandani kwa muda wa saa 5 na nusu kila usiku badala ya 8 na nusu, chakula kikiwa kilekile, mafuta waliyopoteza yalipungua kwa asilimia 55, na badala yake wakapoteza zaidi misuli na tishu nyingine.

Mama yangu ana miaka 70. Si amechelewa?

Hajachelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwapa mazoezi ya uzito wazee dhaifu wenye umri wa karibu miaka 90 kwa wiki nane. Misuli ya mapaja iliongezeka wastani wa asilimia 9. Mama akapimwe presha na moyo kwanza, kisha aanze na kiti: kukaa na kusimama bila kushika kitu, mara nane, apumzike, arudie. Siku mbili baadaye miguu itamuuma kidogo akishuka ngazi. Hilo ni la kawaida, asiogope.