Siasa za madhehebu ni nini? Mfano wa Buganda

Siasa za madhehebu ni hali ambayo kanisa analosali mtu ndilo linaloamua kama atapata cheo, ardhi na ulinzi. Watu hawagombani juu ya Bikira Maria au ekaristi. Wanagombania nani atawale saza, yaani jimbo la chifu. Mfano ulio karibu nasi ni Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, ambako Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda.

Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka (mfalme) Mutesa mwaka 1877, na mapadri wa Kifaransa wakafuata mwaka 1879. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa vijana wa ikulu, yaani machifu wa kesho. Hapo ndipo mambo yalipofungamana, kwani kila darasa la dini likawa pia kundi la wagombea vyeo.

Mwaka 1888 Waislamu walishika utawala, na Wakristo wakaungana kumrudisha Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, aliyekuwa amepinduliwa. Waliposhinda waligawana vyeo nusu kwa nusu. Mgawanyo huo ulionekana wa haki, lakini ulizaa swali gumu: chifu akibadili dini, abaki na cheo au kirudi kwa kundi lake la zamani? Mwanga alikuwa ameegemea Wakatoliki. Waprotestanti waliogopa machifu wangemfuata mfalme mmoja mmoja, wakashikilia kwamba cheo ni mali ya kundi. Wakatoliki nao wakaona huko ni kumfunga mtu dhamiri. Kwa maoni yetu ugomvi wote umo katika swali hilo, kwa sababu tangu hapo kubatizwa upya kulimaanisha kupoteza mashamba.

Cheche ilitokana na bunduki. Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi wa silaha, na baraza la Mwanga likamwachia muuaji. Kapteni Lugard, wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala wakati huo, alidai aadhibiwe, kisha akawagawia Waprotestanti bunduki. Tarehe 24 Januari 1892 vita vililipuka Mengo, makao ya Kabaka, na bunduki ya rashasha ya Maxim ikawapa Waprotestanti ushindi. Suluhu ya Aprili iliwapa Wakatoliki saza la Buddu, lililo upande wa Masaka. Familia zilihama huku na huko kufuata dini, na ndiyo maana eneo la Masaka lina Wakatoliki wengi mpaka leo.

Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukaugandisha mgawanyo huo: kati ya masaza 20, Waprotestanti walipata 11, Wakatoliki 8 na Waislamu 1. Machifu na wamiliki wengine wapatao 1,000 walipewa maili za mraba 8,000 za ardhi, kwa hiyo hesabu ya dini ikawa hesabu ya urithi.

Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, alishindwa kwa kura chache kuwa Katikiro (waziri mkuu wa Buganda), cheo kilichokuwa mikononi mwa Waprotestanti kwa miongo mingi. Wakatoliki wengi walijikusanya katika chama cha DP (Democratic Party), nacho wapinzani wakakibandika jina la Dini ya Papa.