Mita 3 za leo si mita 3 za mwaka juzi

Mimi hupima mito, na mvua ikikaza huku magharibi mwa Kenya simu yangu hailali, watu wa Ahero kando ya mto Nyando na wa Budalang'i kando ya mto Nzoia wanauliza "mto uko ngapi leo?", nikijibu mita 3 wanakumbuka mita 3 za mwaka juzi hazikufika shambani, wanatulia. Hapo ndipo naogopa.

Ile rula ya chuma iko kando ya daraja, geji, inasoma kimo tu. Msomaji anapita asubuhi na jioni, anaandika namba, basi. Kujua wingi wa maji, yaani mita za ujazo zinazopita kila sekunde, lazima tuingie mtoni wenyewe, ama tusimame darajani kama umefura, na kipima kasi cha propela, tunagawanya mto vipande toka ng'ambo hadi ng'ambo, kila kipande tunapima upana, kina na kasi. Pakiwa na kina kifupi propela inashushwa asilimia 60 ya kina kutoka juu, manake kasi ya hapo inakaribia wastani wa pote, pakiwa na kina kirefu tunapima kwa 20 na kwa 80 tunatafuta wastani. Zidisha, jumlisha. Rudia mto ukiwa chini, ukiwa katikati na ukiwa umejaa, ndio unapata grafu ya kugeuza kimo kuwa wingi.

Sasa hiyo grafu inazeeka. Nyando inashuka na udongo mwingi mno, ukitua chini sakafu ya mto inapanda, maji kidogo yanasoma juu. Penye watu wanachimba mchanga sakafu inashuka, maji mengi yanasoma chini, na hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu namba inakutuliza wakati mto umebeba mzigo.

Alafu kuna ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita rekodi ya 1964, na ziwa likiwa juu hivyo maji ya mto karibu na mdomo hayana pa kwenda, yanarudi nyuma, kimo kinapanda hata kama huko juu hakujanyesha.

Kwa hivyo ukinipigia niulize pia umepanda kiasi gani tangu asubuhi, na kama Cherangani na Elgon kumenyesha, manake Nzoia inatoka huko na maji ya jana ya milimani bado yako njiani kuja Budalang'i.