Je, Wajua Kwa Nini Kazi ya Nyumbani Huchosha Kuliko Safari ya Mtumba?

Mtumishi anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba, hulivuka jiji la Dodoma kila asubuhi, mara nyingi akiwa amesimama ndani ya daladala. Akiondolewa adha hiyo, mtu angetarajia abaki na nguvu tele. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 kwa sababu ya korona, na baadhi yetu tukaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, mambo yalikwenda kinyume: Tanzania haikuwafungia watu ndani kama Rwanda au Uganda, lakini kufikia wiki ya pili nilikuwa hoi kwenye kiti changu mwenyewe.

Jibu limo katika safari ile ile tuliyoilalamikia. Mwaka 2000 Blake Ashforth na wenzake, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba mtu aendaye kazini hubadili pia nafasi yake, na kwamba safari, mavazi na lango la ofisi humsaidia kuvuka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Daladala, kwa maana hiyo, ni kizingiti kirefu: unapanda ukiwa baba wa watoto, unashuka ukiwa afisa.

Sebuleni kizingiti hicho hakipo. Jedwali la bajeti liko wazi juu ya meza ya chakula, kando ya chupa ya chai. Binti wa darasa la tatu anauliza saba mara nane ni ngapi. Unamjibu, unarudi kwenye jedwali, na hukumbuki tena ulikuwa safu ya ngapi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma na ufanisi wake hushuka. Mimi huyaita makombo, na siku yenye maswali thelathini huyaacha sakafu nzima.

Mikutano ya video huongeza mzigo. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja mwaka 2021 nyuso zinazokukodolea macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa bila kujongea, na juhudi ya kutafuta ishara ambazo ana kwa ana huzisoma bila kufikiri.

Watoto, kwa haki, hawana kosa: wamezoea kuwa mzazi aliyepo nyumbani ni wa kwao. Jirani yangu mhasibu alilielewa hilo mapema kuliko mimi. Saa moja na nusu asubuhi alivaa viatu vya ofisini, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kibandani kununua maandazi, kisha akaingia kwa mlango wa mbele moja kwa moja hadi chumba cha kazi. Saa tisa na nusu alasiri alivivua viatu mlangoni, na wanawe, waliokuwa hatua kumi tu kutoka kwake kutwa nzima, walimkimbilia: "Shikamoo mama!"