Mtoto njiti: ni wiki, si kilo

Waweke watoto wawili kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Wa kwanza ana kilo 1.9, na wa pili naye ana kilo 1.9. Wote wembamba, ngozi imelegea mapajani, na kila ndugu anayekuja kuwaona atawaita kwa jina moja: njiti. Lakini mmoja amezaliwa mimba ikiwa na wiki 33, mwenzake mimba ikiwa na wiki 39. Hapo njiti ni mmoja tu, yule wa kwanza. Wa pili ametimiza siku zake zote tumboni. Shida yake ni kwamba hakukua vya kutosha humo ndani, na hilo ni jambo jingine, lina sababu zake na matunzo yake.

Neno lenyewe ndilo linalotuchanganya. Njiti ni kijiti chembamba, kama cha kiberiti, linataja umbo. Mzazi anaposikia njiti anaona udogo. Usemi mwingine tulio nao, kwamba mtoto "hajatimiza siku zake", uko karibu zaidi na kile ambacho daktari anakimaanisha, kwa sababu unataja muda. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa hai kabla mimba haijatimiza wiki 37. Hakuna kilo katika maana hiyo. Kilo zina dhana yao: mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500 anaitwa mwenye uzito pungufu, awe njiti au asiwe. Na yupo njiti mwenye kilo mbili na nusu na zaidi, anayeonekana mzima kabisa, halafu usiku wa kwanza anashindwa kunyonya na mwili wake unapoa.

Wiki hizo zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mimba ilipotunga. Mimba iliyotimia ni siku 280, yaani wiki 40. Tuseme hedhi ya mwisho ilianza tarehe 1 Januari katika mwaka wa kawaida. Tarehe ya makisio ya kujifungua ni 8 Oktoba. Wiki 37 zinatimia tarehe 17 Septemba. Mtoto akizaliwa tarehe 16, ni njiti. Akizaliwa tarehe 17, si njiti. Bila shaka mwili haubadiliki usiku mmoja kiasi hicho, ila mpaka lazima uwekwe mahali fulani. Ndani ya mpaka huo kuna ngazi: chini ya wiki 28 ni njiti wa mapema mno, kuanzia 28 hadi kabla ya 32 ni njiti wa mapema sana, na kuanzia 32 hadi kabla ya 37 ndiko waliko wengi wao. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4 duniani.

Nimewahi kusikia watu wazima wakisema mtoto wa miezi saba huishi, ila wa miezi minane hafiki mbali. Imani hiyo ni ya kale kweli, Wagiriki waliiandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Si kweli. Katika miezi hiyo, kila wiki mtoto anayoongeza tumboni humwongezea nafasi ya kuishi, mradi tumbo bado ni mahali salama kwake. Nalisema kwa mkazo kwa sababu mama mwenye uchungu wa mapema akiwa na miezi minane anaweza kukata tamaa, au ndugu wakakata tamaa kwa niaba yake, wakati mtoto wake ana nafasi kubwa kuliko yule wa saba.

Kwa nini wiki zina uzito kiasi hicho? Tazama mapafu. Mfuko wa nailoni ukilowa ndani, kuta zake hugandana, na kuufungua lazima uvute kwa nguvu. Vifuko vya hewa vya mapafu navyo vimelowa ndani. Kinachovizuia kugandana kila mtoto anapotoa pumzi ni ute wenye mafuta uitwao safaktanti. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikosa ute huo. Mtoto wa wiki 30 mara nyingi hajautengeneza wa kutosha. Kila pumzi kwake ni kama ya kwanza, na baada ya saa kadhaa anachoka. Miaka minne baadaye, mwaka 1963, mtoto wa Rais John Kennedy, Patrick, alizaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya wakati na akafa kwa tatizo hilohilo kabla hajatimiza siku mbili. Ikulu ya Marekani haikuwa na dawa ya kumpa.

Dawa ilitoka kwa kondoo. Huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza ni nini kinachoanzisha uchungu. Alipowapa homoni za jamii ya kotisoli wanakondoo waliokuwa bado tumboni, walizaliwa mapema, kama alivyotarajia. Ambacho hakukitarajia ni kwamba wanakondoo wachanga kiasi kile, ambao mapafu yao hayakupaswa kufunguka, walikuwa wakipumua. Pamoja na daktari wa watoto Ross Howie akaipima dawa ya aina hiyo kwa kina mama 282 waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: katika kundi lililopewa dawa, vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2, katika kundi lisilopewa, asilimia 15. Hiyo ndiyo asili ya sindano ambazo leo wauguzi wetu huziita za kukomaza mapafu. Dawa inayotumika leo, mara nyingi deksamethasoni, ni ya bei nafuu. Anadungwa mama, na dawa inapita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Hata hivyo, ulipita muda mrefu kabla haijawa desturi. Huko Marekani pendekezo la kuitumia kwa mapana lilitolewa mwaka 1994. Miaka 22 kwa sindano kama hiyo ni mingi mno.

Hapa ndipo dhana ya wiki inapoonyesha thamani yake. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, wenye karibu watoto laki moja. Nia ilikuwa njema: sindano zitolewe hata kwenye zahanati na vituo vidogo vya vijijini. Mama ambaye hakujua tarehe ya hedhi yake alipimwa kimo cha tumbo kwa tepu, na wiki zikakisiwa hapo. Matokeo yaliwashtua wengi. Miongoni mwa watoto wadogo kabisa, sindano hazikupunguza vifo. Kwa watoto wote kwa jumla, vifo viliongezeka: 27.4 kwa kila elfu palipotolewa sindano, 23.9 pasipotolewa. Dalili za maambukizi kwa kina mama nazo ziliongezeka. Wengi waliodungwa hawakuzaa njiti wadogo hata kidogo.

Je, dawa ilikuwa mbaya? Shirika la Afya Duniani liliipima upya katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, wakachukuliwa tu wenye wiki 26 hadi kabla ya 34 waliokuwa karibu kujifungua, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto. Kati ya watoto wa waliopewa dawa, asilimia 19.6 walifariki, kati ya wasiopewa, asilimia 23.5. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Matokeo yalitoka mwaka 2020.

Dawa ni moja. Mazingira yalitofautiana kwa mengi, na kwa maoni yangu kubwa kati ya hayo ni kujua wiki. Mtoto aliyekomaa hana la kupata kwenye sindano hizo. Anachoweza kupata ni hatari yake tu. Ndiyo sababu mkunga anauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na wala hafanyi hivyo ili kujaza kadi ya kliniki tu. Wapo wengi wasiolijua jibu bila kosa lao: aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha na hedhi haijarudi, au aliyekuwa anatumia sindano za uzazi wa mpango zilizovuruga mzunguko. Kwao ultrasaundi ya mapema ndiyo kalenda. Shirika la Afya Duniani linashauri ifanyike angalau moja kabla ya wiki 24, kwa kuwa mwanzoni vijusi hukua kwa mwendo unaokaribiana na umri hukisika vizuri. Kadiri mimba inavyokua, kila mtoto hufuata mwendo wake, na kipimo cha wiki ya 35 kinaweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Ikiwa kalenda imekosekana kabisa, mtoto mwenyewe anasomwa baada ya kuzaliwa. Muuguzi anatazama nyayo: za mtoto aliyetimia zina mikunjo hadi kisiginoni, za njiti wa mapema ni laini, hazina mikunjo. Anakunja sikio aone linarudi kwa kasi gani. Anatazama kama miguu imejikunja au imelala tu kama kitambaa.

Sababu za kuzaa njiti ni nyingi: pacha, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria iliyojificha kwenye kondo la nyuma, chupa kupasuka mapema, au kifafa cha mimba kinachomlazimu daktari amtoe mtoto ili mama asife. Mara nyingi haijulikani sababu ni ipi, na mama hapaswi kuulizwa alibeba nini au alikula nini.

Na wiki haziishi siku ya kuzaliwa. Mtoto akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, anamalizia nje sehemu ya muda aliokosa ndani. Mwaka 2025 Tanzania ilirekebisha sheria zake za kazi ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo ya uzazi, na mantiki ni hiyohiyo. Hata kliniki hesabu inaendelea. Mtoto aliyezaliwa na wiki 30, akiletwa akiwa na wiki 16 tangu kuzaliwa, anapunguziwa wiki kumi alizotangulia kabla ya kutimiza 40, kwa hiyo kimaendeleo anatazamwa kama mtoto wa wiki sita. Jirani atasema, "Huyu wa miezi minne mbona ndiyo kwanza anaanza kutabasamu?" Ametabasamu kwa wakati wake.