Puli ya pampu ya stelingi haigongwi

Naandika hili mikono bado ina grisi, maana nikisubiri hasira zipoe nitaanza kuwa mpole. Jana, kwa mara ya tatu mwaka huu, nimefunguliwa boneti na kuambiwa: "Fundi, puli tuliigonga ikaingia vizuri tu. Sasa pampu ndiyo inalia, nadhani ni mbovu." Puli ni lile gurudumu la mkanda linalozungusha pampu ya stelingi, inayolainisha usukani. Pampu ilikuwa nzima, mjomba. Mmeiua nyinyi kwa nyundo.

Hapa Mtwara minada ya korosho ikishaanza, ile Oktoba, kila gari lililolala chini ya mkorosho linataka kuamka. Hili lililoletwa jana ni Jeep Cherokee ya miaka ya tisini, ile ya umbo la kasha, injini ya lita 4.0, silinda sita. Mwenyewe karithi kwa baba yake na analipenda kweli. Limekaa miaka linakula upepo wa chumvi, puli ikaota kutu. Fundi wa kwanza akaingiza pula, kifaa cha kuvutia puli nje, ya miguu miwili kwenye ukingo, akavuta, ukingo ukapinda kama sahani ya bati. Puli hiyo ina shingo yenye mfereji pale katikati, na pula yake inakamata hapo tu. Haya, puli mpya ikaagizwa, ikafika, ndipo nyundo ikatoka.

Kosa lenyewe naelewa linakotoka. Mafundi wa huku tumelelewa na Hilux na Land Rover. Kwenye Hilux za zamani puli inakaa kwenye kii ya nusu mwezi, kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze kwenye shafti, na kufungwa kwa nati. Kwenye Land Rover ya 300Tdi zinaishika boliti tatu. Pampu ya Cherokee ni Saginaw, mambo ya Kimarekani: haina nati wala kii. Tundu la puli ni dogo kuliko shafti ya pampu kwa kiasi kisichozidi unywele, na mbano huo ndio unaoishika. Fundi akitazama asione nati, anaamua hili ni jembe na mpini. Anagonga.

Sasa nisikilizeni. Ukigonga puli, pigo halibaki kwenye puli. Linapita kwenye shafti mpaka ndani ya pampu, ambako kuna rota, sehemu inayozunguka, yenye visahani vyembamba, na nyuma ya rota kuna bamba linalotakiwa kuwa laini kama kioo. Hapo ndipo presha inapotengenezwa. Rota ikisukumwa kwenye bamba hilo mara ishirini kwa nyundo ya kilo moja, bamba linachanika. Utawasha gari, stelingi itakuwa nyepesi, utafurahi. Baada ya siku chache inaanza kulia kama mbuzi kila ukikata kona. Kuweka kipande cha mbao katikati hakusaidii kitu. Mbao inalinda uso wa puli, na pampu inapokea pigo lilelile.

Ncha ya shafti ina tundu lenye meno ndani. Watu wanadhani ni la mapambo. Unaingiza stadi humo, yaani chuma chenye meno kisicho na kichwa, unaweka puli, juu yake beringi bapa ndogo na wosha nene, halafu nati. Ukikaza nati, stadi inavuta shafti nje na nati inasukuma puli ndani, kwa nguvu ileile. Mvutano wote unaishia kati ya shafti na puli. Rota haijui kinachoendelea. Hiyo ndiyo siri nzima, na ndiyo maana nakasirika, kwa sababu kifaa chenyewe hakizidi kiganja.

Nimesema stadi, sikusema boliti! Ukitia boliti ukawa unazungusha kichwa chake, inaanza kuvuta ikiwa imeshika meno mawili matatu tu, tena inazunguka huku imebeba mzigo. Meno ya shafti yananyofoka, na hapo umenunua pampu. Stadi inaingizwa kwa mkono mpaka mwisho, inashikiliwa isizunguke, kinachozunguka ni nati peke yake. Na meno hayo ni ya inchi 3/8, meno 16 kwa inchi. Boliti ya milimita 10 iliyojaa kila duka inafanana nayo kiasi cha kukudanganya, na ukiilazimisha kwa spana umeharibu. Ya kwangu niliikata kutoka kwenye boliti refu la Massey Ferguson iliyokufa Masasi. Nati yake spana 14 haiingii, 15 inacheza, tafuta 9/16.

Kutu ya shafti itoe kwa msasa laini, kutu tu. Ukisaga chuma ili "iingie kwa urahisi", itatoka kwa urahisi vilevile. Gesi ya kuchomea usiilete karibu, sili inayozuia mafuta yasivuje iko hapohapo nyuma. Mimi napaka tone la mafuta, ingawa fundi aliyenifundisha alikuwa anafunga kavu na puli zake hazikuwahi kutoka, kwa hiyo hapo sina ubishi na mtu.

Kinachonisumbua ni mwisho wa safari. Kitabu cha gari kinasema sukuma mpaka puli ilingane na ncha ya shafti. Sawa, kwa puli ya kiwandani. Hii ya jana ni ya kuiga, na nilipoilinganisha hivyo kwenye pampu ileile kabla sijaifungua, rula ndefu niliyoilaza kwenye uso wa puli ya krenki, ile ya injini inayovuta mkanda, ilionyesha imebaki nje karibu milimita 2. Nikaiongeza ndani mpaka mkanda ukanyooka. Nimeasi kitabu, na bado najiuliza kama shingo ile fupi itashika mwaka mzima. Nimemwambia mwenye gari, tukishaifunga hivyo kwenye pampu nyingine, arudi baada ya wiki mbili niipime tena.

Mengine mnayajua. Mafuta ya stelingi, yasiwe ya breki kamwe. Kutoa hewa, inua mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, mara ishirini hivi, ongeza mafuta, mapovu yakiisha ndipo uwashe. Pampu ya jana haikufika huko. Nimeifungua, bamba lina mikwaruzo inayoshika kucha, na mwenye gari sasa anatafuta pampu Dar.