Upembuzi yakinifu ni nini? Mfano wa plastiki za ufugaji wa chaza Zanzibar

Upembuzi yakinifu ni uchunguzi unaofanywa kabla ya kuanza jambo, ili kujua kama jambo hilo linawezekana, litagharimu nini, na nani ataibeba gharama hiyo. Hufanyika kabla ya mashine kununuliwa na kabla ya banda kujengwa. Jibu lake huweza kuwa "ndiyo", "hapana", au "ndiyo, kwa masharti haya". Ripoti ambayo tangu mwanzo haikuacha nafasi ya kusema hapana haistahili kuitwa upembuzi. Hiyo ni barua ya kuomba fedha iliyojazwa takwimu.

Hapa Zanzibar maneno haya tunayasikia kila mradi mpya wa uchumi wa buluu unapozinduliwa, na mara nyingi yanapita bila mtu kuelezwa kinachopembuliwa. Nitatumia mfano ulio karibu nasi: plastiki zinazobaki kwenye ufugaji wa chaza. Je, zinaweza kurejelezwa, yaani kukusanywa, kusagwa, kuyeyushwa na kuwa bidhaa nyingine?

Kwenye Rasi ya Fumba, katika vijiji kama Bweleo na Nyamanzi ndani ya Ghuba ya Menai, akina mama walianza kufuga chaza wa lulu miaka ya 2000 wakisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dkt. Narriman Jiddawi. Kabla ya hapo chaza waliokotwa tu maji yakipwa. Ufugaji ulileta njia nyingine: chaza wananing'inizwa majini kwenye kamba na vikapu vya wavu, na maboya yanazuia kamba zisizame. Ni kazi ya heshima na imewapa wengi kipato. Lakini karibu kila kifaa nilichokitaja hapo ni plastiki, na baharini plastiki huchoka.

Kamba hukatika. Wavu hupasuka. Boya lililotengenezwa kwa dumu au chupa hupigwa na jua mpaka likawa gumu, ukiligonga linavunjika kama ganda la yai. Halafu kuna mwani, ambao kwa biashara ulianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani na leo unalimwa Unguja na Pemba. Nao una kamba zake na taitai zake, vile vipande vya kufungia mche mmoja mmoja. Kijiji kimoja huweza kuwa na kazi zote mbili, na mikono ni ileile. Kwa hiyo anayefanya upembuzi wa plastiki za chaza peke yake, akaziacha za mwani zilizolala pembeni yake, amejinyima sehemu kubwa ya hesabu.

Swali la kwanza ni aina. Plastiki si kitu kimoja, na zikichanganywa hovyo hutoa bidhaa dhaifu. Dukani kamba yoyote ya kutengenezwa kiwandani inaweza kuitwa nailoni, lakini nyingi ni za polipropilini. Kuna njia nyepesi ya kuanza kuzitenganisha, haihitaji maabara. Jaza ndoo maji ya kawaida, yasiyo na chumvi. Kata kipande kifupi cha kamba, kioshe, kifumue nyuzi, ukikamue ndani ya maji kwa vidole mpaka viputo vya hewa viishe, maana hewa iliyojificha kwenye msokoto itakudanganya. Tone la sabuni ya maji husaidia. Kisha kiachie. Polipropilini na polithini huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Nailoni ya kweli huzama. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa nayo huzama, na bomba la PVC vilevile. Povu jeupe la maboya huelea, lakini hilo unalijua kwa macho.

Ndoo hiyo haimalizi kazi. Polipropilini na polithini zote mbili zinaelea, ilhali ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi na ile polithini ngumu ya madumu na vikapu kwenye 130 hivi. Kwa mbao nene za plastiki mchanganyiko wa hizi mbili huvumilika, kwa kitu chembamba au kamba mpya hauvumiliki. PVC ndiyo ya kuogopwa zaidi: ikipashwa joto kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine. Kikundi kinachoyeyusha plastiki kwenye sufuria nyuma ya nyumba bila kujua ndani mna nini kinahatarisha afya ya watu wake, na ripoti ya upembuzi inapaswa kulisema hilo waziwazi.

Swali la pili ni kiasi. Hapa ndipo miradi mingi inapoteleza, kwa sababu lundo la nyavu kuukuu ufukweni hudanganya macho. Linaonekana kubwa, ukilipima unakuta uzito mkubwa ni wa maji, mchanga na viumbe vyenye magamba vilivyonata. Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu tu. Kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja kwa mwaka anatoa kilo 10 za kamba na nyavu zilizochoka. Hizo ni kilo 200. Tuseme zikisafishwa na kukaushwa inabaki nusu, kilo 100. Mashine ndogo inayosaga kilo 20 kwa saa itamaliza mzigo wa mwaka mzima ndani ya saa 5. Siku zote zilizobaki italala ikipata kutu, na hewa ya chumvi haina huruma kwa chuma.

Hesabu hiyo fupi inatosha kubadilisha mradi mzima. Inaonyesha kwamba mashine moja kwa kijiji kimoja ni fedha iliyozikwa, na kwamba suala si kuwa na mashine bali kuunganisha vijiji, chaza na mwani, na pengine madumu na ndoo mbovu za majumbani na za mahoteli ya pwani. Lakini namba za kweli hazipatikani kwa kuuliza "mnatupa kiasi gani?" kwenye mkutano wa siku moja. Inabidi kupima kwa mizani, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, kwa sababu upepo na mawimbi havivunji vifaa kwa kiasi kilekile mwaka mzima.

Swali la tatu ni usafi, na hili ndilo ninaloomba lisomwe polepole, kwa sababu ndani yake mna saa za watu. Kamba iliyokaa baharini huota mwani mwembamba na magamba makali. Mchanga unaingia ndani ya msokoto. Visipotolewa, visu vya mashine hutafunwa upesi na bidhaa hutoka na matundu. Kwa hiyo kuna mtu atakayekaa chini na kisu, akwangue, akate mafundo, afumue, aoshe, aanike. Mtu huyo kwa kawaida ni mwanamke, yuleyule aliyeamka kufuata maji ya bamvua, akarudi kupika.

Turudi kwenye mfano wetu. Kama anasafisha kilo 2 za mzigo mchafu kwa saa, kilo 200 zinataka saa 100. Kilichopatikana ni kilo 100 safi. Maana yake saa moja ya kazi yake imezaa kilo moja ya plastiki. Sasa muulize mnunuzi anatoa shilingi ngapi kwa kilo, toa nauli, kisha linganisha na anachopata mama huyo kwa saa moja ya chaza, mwani au usonara wa makombe. Kama anapata kidogo zaidi, mradi unamtaka aifadhili bahari kutoka mfukoni mwake.

Katika bajeti za miradi ya aina hii safu ya kazi huweza kuandikwa "mchango wa jamii", na thamani yake sifuri. Sikubaliani nalo hata kidogo. Saa za akina mama ni gharama kama mafuta ya mashine yalivyo gharama. Zikiandikwa sifuri, karibu kila mradi utaonekana una faida, na utakufa siku wenyewe watakapochoka.

Maji nayo yahesabiwe. Chumvi ikibaki kwenye plastiki huharakisha kutu ndani ya mashine, hivyo maji ya mwisho ya kuoshea lazima yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Vijiji vingi vya pwani ya Unguja vinajua shida ya visima vinavyoingiwa na chumvi. Kuchukua maji ya kunywa kuoshea taka ni uamuzi wa kijiji kizima, haufai kuwa wa meneja wa mradi peke yake. Na maji machafu yanayotoka hayapaswi kurudi baharini bila kuchujwa, kwa kuwa kusaga na kuosha plastiki hutoa chembe ndogo sana. Chaza hula kwa kuchuja maji. Tukimwaga chembe hizo ghubani, tunamlisha chaza kile tulichosema tunamwondolea.

Usafiri ni mfupi kuueleza: kamba na madumu yasiyobanwa hujaza gari kabla hayajawa mazito, unalipia hewa. Kusaga au kubana kabla ya kusafirisha hupunguza safari. Kama mnunuzi yuko Dar es Salaam, ongeza gari la kwenda mjini, bandari na chombo.

Kuhusu soko, wengi hukimbilia kutaja Flipflopi, jahazi lililotengenezwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, likazinduliwa 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Lilithibitisha jambo la maana, kwamba plastiki ya ufukweni inaweza kufanywa mbao na mafundi wetu wakaichonga. Ufundi upo. Lakini kuwezekana kiufundi ni sehemu moja tu ya upembuzi. Jahazi lile lilijengwa kutoa ujumbe, wakati kikundi cha kijiji kinahitaji mtu anayenunua mwezi huu, na mwezi ujao, na baada ya mfadhili kuondoka. Wengine hupendekeza kutengeneza vigingi vya mwani badala ya kukata miti. Wazo lina mvuto, ila kigingi cha plastiki kinachosuguliwa na mchanga kila maji yanapojaa na kupwa nacho kitamomonyoka. Kwa maoni yangu benchi la skuli au nguzo ya uzio nchi kavu ni salama zaidi.

Nchi zilizotutangulia zina la kutufunza. Hiroshima nchini Japani, vibomba vya plastiki vinavyotenganisha makombe kwenye mistari ya chaza vimekuwa taka ya kawaida fukweni, na vingine vimevuka bahari mpaka Hawaii. Korea Kusini, baada ya miaka mingi ya maboya ya povu kupukutika, ilianza mwaka 2022 kuzuia maboya mapya ya aina hiyo mashambani mwa baharini. Hawakuishia kwenye kurejeleza. Walibadilisha kinachoingia majini.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo fomu nyingi za upembuzi hazina: plastiki hii ni ya nani? Kwenye mwani, kwa miaka mingi kampuni zinazonunua zimekuwa zikiwapa wakulima kamba na taitai, kisha zinanunua mavuno. Gari linalokuja kuchukua mwani mkavu linaweza kurudi na kamba zilizochoka pia. Njia ipo tayari, na aliyeleta kamba anajulikana. Kwenye chaza ni vigumu zaidi, kwa sababu vifaa vingi huletwa na miradi, na mradi ukifungwa hakuna wa kuulizwa. Mimi ningeweka sharti kwamba kila mradi unaoleta vikapu na maboya uweke kwenye bajeti yake fedha za kuyaondoa yakichoka, na sheha awe na nakala ya makubaliano hayo.

Upembuzi wa kweli hupima pia njia mbadala kwa mizani ileile. Kikapu kinaweza kushonwa na kutumika tena. Kamba za makumbi, ambazo akina mama wa Unguja wanazijua tangu kufukia makumbi kwenye tope la ufukweni mpaka kuyatwanga na kusokota, zinaweza kufaa kwa vifungo vya muda mfupi. Lakini nazo zinaoza haraka, na kuzisokota ni saa nyingi za kazi. Usiziite bure kwa sababu ni za asili.

Kwa Fumba, nisingeshangaa jibu likigawanyika: ndiyo kwa kamba na vikapu, kwa sharti la kuunganishwa na za mwani na kuwa na mnunuzi aliyeandika bei ya kilo safi, hapana kwa povu, ambalo ni jepesi, chafu na linajaza gari, hivyo liache kununuliwa, hapana kwa PVC, ambayo itengwe tangu ufukweni isije ikaingia mashineni. Pemba ihesabiwe peke yake. Huko ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, hivyo kamba huenda zikatosha kuendesha mashine, lakini kila kilo itakayouzwa nje ya kisiwa itapita bandari ya Mkoani au Wete na kulipiwa chombo.