Fumbo si kijembe

Juzi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama mmoja muuza dagaa alimtazama mteja wake toka kofia hadi miguuni, akasema soko zima lisikie, "Wengine viatu vipya, deni la dagaa mwezi wa pili huu." Vijana wa mikokoteni wakashangilia, "Mama kapiga fumbo!" Nalisikia neno hilo likitumiwa hivyo redioni na vijiweni, na linaniuma.

Fumbo ni usemi uliobeba maana iliyofichwa chini ya maana nyingine. Hiyo yatosha. Cha kutulia nacho ni kitenzi chenyewe, kufumba. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, tunafumba kiganja. Na kilichofumbwa hufumbuliwa, ndiyo maana tunalo neno ufumbuzi. Mtoto akikuletea kiganja amekifumba, unajua mna kitu ndani, na raha yote ni kukifumbua. Kwa hiyo fumbo haliishii mdomoni mwa msemaji, linamngoja msikilizaji. Maneno ya yule mama yalifumba nini? Viatu vinaonekana, deni linajulikana, mdaiwa mwenyewe kasimama na ndoo yake. Hicho ni kijembe, na kijembe hukata hapo hapo.

Lipo kosa linaloniudhi zaidi ya hilo, kusema kwamba fumbo ni kimbilio la mwoga. Mtazameni mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka Kenya: Twendapi? kuipinga serikali ya Jomo Kenyatta. Hakufumba kitu, akafungwa miaka 3. Mtu aliyekwisha kulipia maneno ya waziwazi kwa bei hiyo, woga wake uko wapi? Humo gerezani aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na miongoni mwa mashairi hayo limo "Mamba", la mamba wa mtoni anayejigamba kwamba ataishi dahari. Mtawala hatajwi. Sisi wa kandokando ya ziwa, tunaowakataza watoto kuchota maji peke yao jioni, hatuhitaji kuelezwa mamba ni nani. Angetaja jina, shairi lingebaki na mtu mmoja. Kwa kuwa alifumba, mamba yule anaingia mto wowote, nchi yoyote, na kila msomaji anamtambua wa kwake.

Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, jina lile lile.

Basi, wanangu wa Mwaloni, mama alipiga kijembe, tena kikali, na mlikuwa na haki ya kushangilia. Fumbo liwekeeni siku mtakayosikia neno sokoni, mkaliitikia tu, kisha likawaamsha usiku wa manane mkilifumbua.